Kuchagua Barua Njema na Barua Taka

Wakati wa mavuno, kahawa ya maganda huanikwa juani katika nyua zetu za Karagwe na Kyerwa. Kabla haijatiwa maguniani, watoto huketi kuichagua, wakitoa kokoto, vijiti na kahawa iliyooza. Mtoto ambaye hajafundishwa kazi hiyo hukosa kwa njia mbili: ama huacha kokoto, ama hutupa kahawa njema. Je, mwenye kibanja huchukizwa zaidi na kosa lipi? Kokoto iliyosalia itaonekana kesho. Kahawa iliyotupwa jalalani hairudi.

Barua pepe nazo huchaguliwa vivyo hivyo. Barua taka ni barua isiyoombwa, ipelekwayo kwa watu wengi kwa mara moja. Ya kwanza ijulikanayo ilipelekwa tarehe 3 Mei 1978 huko Marekani. Gary Thuerk, mtu wa kampuni iliyouza kompyuta, aliwaandikia watu wapata 400 akiwaalika kuzitazama mashine zake. Wengi walichukizwa. Siku hizi nyingine hunena kwamba umeshinda bahati nasibu usiyoicheza, na nyingine hujifanya zatoka benki ili zikuibie neno la siri.

Basi tutazame jinsi ya kuweka kichujio katika programu ya Thunderbird, ipatikanayo bila malipo. Fungua mipangilio ya akaunti yako, uitafute sehemu ya barua taka. Hapo pana visanduku vya kutia alama. Kimoja huiamuru programu ijifunze kutambua taka, kitie alama. Kingine husema kwamba watu walioandikwa katika kitabu chako cha anwani wasidhaniwe kuwa waovu. Kitie alama pia, maana hao wawajua. Kisha iamuru ipeleke taka katika folda ya peke yake. Pana na kisanduku cha kuzifuta baada ya siku kadha; hicho kiache kitupu.

Kazi haijaisha, kwa maana programu hii ni kama mtoto yule wa uani: sharti ionyeshwe. Ukiona taka, ichague, ubonyeze herufi J. Ukiona barua njema iliyodhaniwa taka, bonyeza Shift pamoja na J. Ionyeshe zote mbili, mbaya na njema, maana kazi yake ni kuhesabu maneno. Neno lionekanalo mara nyingi katika taka, na mara chache katika barua njema, huwa dalili mbaya. Kisha dalili zote za barua hupimwa pamoja. Asiyeionyesha barua njema haipi kitu cha kulinganishia.

Hesabu hiyo ni ya kale. Asili yake ni Thomas Bayes, mchungaji wa kanisa huko Uingereza, aliyefariki mwaka 1761. Maandiko yake yalitangazwa mwaka 1763. Mwaka 2002 Paul Graham, mwandishi wa programu, alieleza jinsi ya kuitumia kuchuja barua.

Iko namna nyingine, ya kuandika amri mwenyewe: barua yenye neno fulani ifanywe hivi. Amri hiyo haipimi, hutii tu. Mimi niliwahi kuamuru kila barua yenye neno "malipo" ifutwe, kwa kuwa matapeli walinichosha. Baada ya majuma mawili, kijana wa jirani yangu, ambaye alikuwa akitumia anwani yangu kwa kukosa yake, akaja kuuliza habari ya nafasi yake chuoni. Tukaitafuta barua, tukaikuta miongoni mwa zilizofutwa. Ilitaja siku ya mwisho ya malipo, na siku hiyo ilikuwa imepita. Alikwenda chuoni mwaka uliofuata. Nilimwomba radhi, naye akanisamehe, lakini mwaka ni mwaka.

Jioni ile niliifuta amri yangu. Tangu hapo, kila Jumamosi huifungua folda ya taka na kuipitia toka juu hata chini, nikisoma jina la kila aliyeniandikia.