Somo: Maua ya Kiangazi na Maji ya Udhu



Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hukatika Bujumbura. Bomba likipungua nguvu, kina mama na watoto huzunguka na bidoni kutafuta maji. Wakati huohuo mtu ameshika mpira, anamwagilia nyasi mbele ya msikiti au bweni ili pasionekane pakavu. Je, tuuache uwanja uwe vumbi tupu, au tuendelee kumwaga maji ya kunywa? Ipo njia ya tatu: mmea usiotaka maji mengi, na maji ambayo tumekwisha kuyatumia.

1. Msingi katika dini

Suratul A'raf, aya ya 31, inakataza israfu. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi mmoja, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi haufiki hata lita moja. Nani kati yetu anatawadha kwa kiasi hicho, bomba likiwa wazi?

Katika madhehebu ya Shafi, maji yaliyotumika kwa udhu wa faradhi ni twahara, ila hayatwaharishi tena. Hayafai kutawadhia mara ya pili, lakini kumwagilia yanafaa.

2. Mmea wenyewe

Ni potulaka, kwa jina la kitaalamu Portulaca grandiflora, wenye asili ya Amerika Kusini. Hutambaa na kufunika ardhi, nao hutoa maua mekundu, ya njano, meupe na ya waridi yanayofunguka jua likiwaka. Majani yake manene huweka akiba ya maji. Ukame ukizidi, hufunga vitundu vya majani mchana na kuvuta hewa ya kaboni usiku, joto linapopungua. Hivyo maji hayapotei ovyo.

3. Namna ya kupanda

- Anza Aprili au Mei, mvua zikiwa bado zipo, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi.
- Chagua mahali penye jua kutwa nzima. Udongo mzito uchanganye na mchanga. Maji yakituama, mizizi huoza.
- Kata vipande vya sentimita 10, ondoa majani ya chini, panda kila baada ya sentimita 20.
- Mwagilia kidogo kidogo wiki mbili za mwanzo. Baadaye, mara moja kwa wiki hutosha.
- Acha njia ya kupita, kwani mmea huu haustahimili kukanyagwa.

4. Hesabu

Tukikinga maji ya udhu kwa beseni, watu 20 wakitumia lita moja moja, bidoni ya lita 20 imejaa. Lita 10 kwenye mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 10. Kwa hiyo sala moja inatosha kumwagilia mita mbili za mraba. Maji yenye sabuni tusiyachanganye humo.

Maswali ya darasa

1. Wewe hutawadha kwa lita ngapi? Pima leo kwa chupa.
2. Maji ya udhu ya msikiti wetu yanaishia wapi?
3. Nani ataleta beseni kabla ya Ijumaa?

Wabillahi tawfiq.