Tutamchagua Nani Katika Halmashauri ya Shule?

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7



Muhula huu wazazi wa shule yetu ya msingi, ambayo kanisa letu ni mfadhili wake, watakutana kuchagua wajumbe wao katika halmashauri ya shule. Miongoni mwa wanaogombea yuko mama mmoja wa parishi yetu. Kwa miaka minane ameamka alfajiri kuwapikia uji watoto wa chekechea, bila mshahara. Mvua ilipobomoa choo cha wavulana, ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba akiomba mabati.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulisikia watu wakisema, "Kupika uji ni kitu kingine, na halmashauri ni kitu kingine." Jioni yake mama mwenyewe alitujia nyumbani, akasema anataka kuliondoa jina lake. Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Kwanza tufahamu halmashauri ni nini. Zamani makanisa yalisimamia shule yaliyozijenga. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka chini ya serikali, kanisa likabaki mfadhili. Kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 56, ilipanga halmashauri hivi: wajumbe 6 wa kuchaguliwa kwa niaba ya wazazi, 1 wa kupendekezwa na bodi ya elimu ya kaunti, mwalimu 1 anayechaguliwa na wenzake, 3 wa mfadhili, 1 wa makundi maalum katika jamii, na 1 wa watu wenye mahitaji maalum. Mwakilishi wa wanafunzi naye huhudhuria. Hesabuni wenyewe: kati ya wajumbe hao 13, wazazi wana 6. Hakuna kundi lingine lenye wajumbe wengi kiasi hicho. Tukiwachagua vibaya, tusimlaumu mwalimu mkuu peke yake.

Na kazi yao si kukaa meza kuu siku ya zawadi. Ni kuangalia ubora wa elimu, majengo, usalama na haki za watoto. Kupokea fedha za shule na kuzitolea hesabu. Kuajiri wafanyakazi wasio walimu. Sheria hiyo iliitaka halmashauri hata iwahimize wazazi na walimu kujitolea kwa ajili ya shule. Basi anayejua kujitolea si mgeni katika kazi hii.

Sasa tufungue Biblia zetu. Tuna mambo matatu ya kujifunza.

Jambo la kwanza: shida ilianza na chakula. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakusema kwamba chakula ni jambo dogo la jikoni. Waliitisha mkutano mzima. Tena tazameni majina ya wale saba: yote ni ya Kiyunani. Walionung'unika hawakunyamazishwa, watu wenye majina kama yao walikabidhiwa kazi yenyewe. Aliye karibu na sufuria huijua njaa ya mtoto kuliko aliye mbali.

Jambo la pili: walitakiwa watu walioshuhudiwa kuwa wema. Ushuhuda haupatikani kwa juma moja la kampeni. Tumesikia kwamba leso na sukari zimeanza kugawiwa kwa siri. Hatumtaji mtu. Lakini wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leso itachakaa, nawe utakuwa umekwisha kuuza sauti ya mwanao.

Jambo la tatu: walitakiwa pia wawe na hekima, maana wema peke yake hautoshi. Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Tulipokuwa walimu vijana, tuliwekwa katika kamati ya shule moja. Mwenyekiti alisoma hesabu ya fedha za paa haraka haraka, sisi tukapiga makofi na kutia sahihi. Mabati hayakuja. Watoto wa darasa la pili walisomea chini ya mwembe, na kila iliponyesha walirudishwa nyumbani. Hatukuiba hata senti moja, hatukuuliza tu. Watoto wale sasa ni watu wazima, na tukikutana nao njiani bado tunaona haya.

Kwa hiyo hatukumwambia mama yule kwamba kazi ni rahisi. Tulimwambia, "Mama, soma hesabu kabla ya kutia sahihi. Omba kuona risiti. Sikiliza muhtasari wa mkutano uliopita, uone kama lililopitishwa limetendeka."

Akajibu, "Mwalimu, mwalimu mkuu ni jirani yangu. Nikimwomba risiti si ataona namwita mwizi? Na uji nimwachie nani?"

Kwa swali la kwanza tulimwambia kwamba kuuliza kwa heshima, mbele ya wote, si kumshtaki mtu. Risiti humlinda mwalimu mkuu mwaminifu kuliko inavyomlinda mzazi. Hata hivyo hatukumficha kwamba huenda jirani akanuna.

Swali la pili hatukuweza kulijibu, kwa maana si letu peke yetu. Linawahusu ninyi mnaosoma. Asubuhi tano kila juma, nani atashika mwiko akiwa mama yuko mkutanoni au amechoka? Ni vigumu kumwambia mtu agombee huku tumemwachia mzigo wote wa zamani.

Hatuandiki haya ili achaguliwe kwa kuwa ni Mwanglikana. Shuleni mna watoto wa Kiislamu na wa madhehebu mengine, na mfadhili ameagizwa na sheria kuilinda imani yao. Mpimeni kama wengine wote: kwa ushuhuda na kwa hekima. Hadi tunapoandika, jina lake bado limo.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi:

1. Mara ya mwisho ulihudhuria lini mkutano wa wazazi, na uliuliza nini?
2. Kwa nini mitume waliwaachia watu wote kuchagua, wasichague wao?
3. Mgombea akikuletea zawadi, utamjibu nini bila kumvunjia heshima?
4. Wewe unaweza kupika uji siku gani?

Tuombe: Ee Bwana, utupe macho ya kuwatambua watumishi wako, na kinywa cha kuuliza kwa upole na kweli. Amina.