Simu ya Muuguzi Baada ya Mimba Kutoka Hupangwa Kabla ya Kuondoka Hospitalini

Mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, au aliyetibiwa baada ya kuavya, mara nyingi huruhusiwa kwenda nyumbani siku iyo hiyo. Hupewa dawa, huelezwa mambo mengi akiwa bado na maumivu, kisha hupanda matatu kurudi Ziwa, Turbo au Burnt Forest. Maswali huja baadaye. Je, damu hii ni ya kawaida? Aanze lini kazi nzito? Anaweza kushika mimba tena? Kurudi Eldoret kwa ajili ya swali moja ni nauli na siku nzima ya kazi, na msimu wa kuvuna mahindi siku hiyo haipatikani.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwanamke ambaye hakupata matatizo halazimiki kurudi kituoni kukaguliwa, mradi amepewa maelezo ya kutosha na anajua pa kwenda akipatwa na shida. Hapo ndipo simu inapofaa. Kinachoamua kama itamsaidia au itamletea balaa ni mazungumzo ya dakika tano kati yake na muuguzi kabla hajatoka wodini.

Kenya ina uzoefu wa jambo hili kutoka upande mwingine wa tiba. Kati ya mwaka 2007 na 2009, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI katika kliniki za Nairobi na Kajiado. Nusu yao walitumiwa kila wiki ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walimeza dawa zao ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wengine. Ujumbe huo haukutaja ugonjwa, dawa wala hospitali. Yeyote aliyeusoma aliona salamu tu.

Kwa wanawake waliotoka kuavya mimba, utafiti unaojulikana zaidi ulifanyika Kambodia kwa wanawake 500. Waliopokea ujumbe wa sauti na nafasi ya kuzungumza na mshauri walitumia zaidi njia bora za kupanga uzazi baada ya miezi minne: asilimia 64 dhidi ya 46. Baada ya mwaka mmoja pengo lilikuwa limepungua. Mpango kama huo ulipojaribiwa Bangladesh haukuongeza matumizi ya njia hizo, na wanawake waliopokea ujumbe ndio walioripoti zaidi kupigwa na waume zao. Matokeo hayo hayapaswi kupitwa haraka na yeyote anayepanga huduma ya simu. Simu ni ya nani nyumbani? Katika familia nyingi hata hapa Uasin Gishu, simu ni moja, laini imesajiliwa kwa jina la mume, na mtoto ndiye hukimbilia kuipokea.

Kwa hiyo, kabla ya kuandikisha nambari, mwanamke aulizwe kwanza kama anataka kupigiwa, na akikataa matibabu yake yasibadilike. Akikubali, aulizwe simu hukaa na nani, saa ngapi huwa peke yake, na kama ujumbe huonekana kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa. Wakubaliane swali la kumtambulisha kabla muuguzi hajasema anapiga kutoka wapi. Mtu mwingine akipokea, muuguzi aseme atapiga baadaye na akate. Asimwachie shemeji ujumbe, hata shemeji awe mpole namna gani. Asiye na simu ya siri anaweza kuchagua yeye ndiye apige, akapewa nambari ya kituo na saa ambazo kuna mtu wa kuipokea.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Daftari la majina na nambari lililoachwa wazi mezani mwa mapokezi halifai. Mhudumu wa afya ya jamii ni msaada mkubwa kijijini, lakini pia ni jirani, na mwanamke ana haki ya kusema habari zake zisimfikie.

Mwito wa kwanza unafaa katika siku chache za mwanzo, na mwingine baada ya wiki mbili hivi. Damu inayopungua polepole na maumivu kama ya hedhi ni kawaida. Kipimo cha mkojo kinaweza kuendelea kuonyesha mimba kwa wiki kadhaa, na hilo pekee si sababu ya kuogopa. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba yai linaweza kupevuka tena ndani ya siku kumi hivi, hivyo mwanamke anaweza kushika mimba kabla ya kuona hedhi. Ikiwa hataki, njia nyingi za kupanga uzazi zinaweza kuanzwa mara moja. Ikiwa alikuwa akimtaka mtoto huyo, mwito usianze na habari za sindano na koili. Aulizwe kwanza amelalaje.

Yapo mambo ambayo simu haiyawezi. Damu inayojaza sodo mbili kubwa kwa saa moja, na saa inayofuata vivyo hivyo. Homa isiyoshuka kwa siku nzima. Uchafu wenye harufu mbaya. Maumivu makali ya tumbo yasiyotulizwa na dawa. Kizunguzungu au kuzirai. Mwenye dalili yoyote kati ya hizi asisubiri kupigiwa. Aende hospitali iliyo karibu, iwe ya Ziwa au Burnt Forest, au Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, saa yoyote.

Wengine huchelewa kwa kuogopa kushtakiwa. Utafiti wa Wizara ya Afya na washirika wake ulikadiria kuwa mwaka 2012 wanawake karibu 120,000 walitibiwa nchini kwa matatizo yaliyotokana na kuavya mimba. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinakataza uavyaji isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, panahitajika matibabu ya dharura au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Kifungu cha 43 nacho kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, wala hakiulizi mimba ilitokaje. Muuguzi akiuliza ni dawa gani ilitumika, anatafuta tiba inayofaa, na jibu la kweli humsaidia mgonjwa.

Mwanamke anayetishwa au kupigwa nyumbani kwa sababu ya simu hiyo, au kwa sababu nyingine yoyote, anaweza kupiga 1195 bila malipo, mchana au usiku.