Je, Mti Hauna Uhai? Ngeli ya A-WA na Ufundishaji wa Sifa za Viumbe Hai

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hukutana na dhana ya uhai katika masomo mawili. Katika somo la Kiswahili, hufundishwa kwamba ngeli ya A-WA ni ya viumbe wenye uhai: watu, wanyama, ndege, samaki na wadudu. Katika somo la biolojia, linalofundishwa kwa Kiingereza, huambiwa kwamba mgomba, uyoga na hata hamira ni viumbe hai vilevile. Anapouliza, "Je, mti hauna uhai?", aghalabu hujibiwa kwa mkato: "Isipokuwa mimea." Jibu hilo humvusha mtihani wa sarufi lakini halimwelezi lolote. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba uhai wa sarufi na uhai wa elimuviumbe ni dhana mbili tofauti, na kwamba tofauti hiyo, ikibainishwa waziwazi, ni nyenzo bora ya kuwafundishia wanaoanza biolojia.

Uhai katika biolojia

Kwa kawaida, sifa saba za viumbe hai huorodheshwa: lishe, upumuaji, utoaji taka, ukuaji, uzazi, mwitiko na mwendo. Vitabu vingine hutenga ubadilishanaji wa gesi kuwa sifa ya nane. Juu ya hayo, viumbe hai wote wameundwa kwa seli, moja au nyingi.

Kosa la kawaida ni kuichukua sifa moja na kuifanya kipimo. Moto hula kuni, hukua, husambaa na kuacha majivu, ilhali hauna uhai. Baghala, mzao wa punda na farasi, kwa kawaida hazai, ilhali yu hai. Mbegu kavu haionyeshi dalili yoyote ya kukua, ilhali uhai umo ndani yake. Mwaka 2005, mbegu ya mtende iliyofukuliwa Masada, yenye umri wa takriban miaka 2,000, ilipandwa nchini Israeli ikaota. Kwa hiyo, kinachomtambulisha kiumbe hai si sifa moja bali ni jumla ya shughuli zinazoendeshwa, au zinazoweza kuamshwa, ndani ya seli zake.

Uhai katika sarufi

Sarufi ya Kiswahili haipimi shughuli za seli. Mifano minne inatosha kulithibitisha hili.

Kwanza, mfu, marehemu na malaika huchukua upatanisho wa A-WA, ilhali mwembe unaozaa kila mwaka umo katika U-I. Samaki naye habadiliki hata akiwa sahanini: husemwa "samaki aliyekaangwa", ijapokuwa uhai ulimtoka zamani.

Pili, nomino ikitiwa katika hali ya udogo au ukubwa huacha A-WA. Husemwa "mtoto analia" lakini "kitoto kinalia". Kitoto hicho hakijapoteza uhai. Kilichobadilika ni mtazamo wa msemaji.

Tatu, neno "kiumbe" lenyewe huvuta A-WA hata kinachorejelewa kikiwa mmea. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni: "Mti huu u hai," na chini yake: "Kiumbe huyu yu hai." Sentensi zote mbili ni sanifu, na zote zaweza kuuhusu mwarobaini uleule ulio nje ya dirisha.

Nne, na huu ndio mfano wenye manufaa zaidi darasani, kuna neno "kifaurongo". Ni jina la mmea unaosinyaa majani unapoguswa, na pia la mdudu anayejifanya amekufa anapoguswa. Mmea husemwa "kifaurongo hiki kimesinyaa". Mdudu husemwa "kifaurongo huyu amejikausha". Ngeli zimetofautiana, lakini sifa ya kibiolojia ni ileile: mwitiko. Mwanafunzi aliyeuelewa mfano huu hatasema tena kwamba mimea haihisi.

Inabainika basi kwamba ngeli ya A-WA hurejelea wale ambao jamii-lugha huwaona kuwa watendaji wenye nafsi: mtu, mnyama na roho. Mmea haukunyimwa uhai. Haukuhesabiwa tu miongoni mwa watendaji.

Somo la hamira

Mwalimu akitaka kuziunganisha dhana hizi mbili, hamira itamfaa sana. Nomino hii haimo katika A-WA. Husemwa "hamira imekwisha" kama isemwavyo "chumvi imekwisha". Hata hivyo, hamira ni kuvu yenye seli moja.

Chupa mbili zitiwe hamira na sukari kwa vipimo sawa. Ya kwanza itiwe maji ya uvuguvugu. Ya pili itiwe maji yaliyochemka. Kila chupa ivishwe puto mdomoni. Baada ya muda, puto la kwanza litaanza kuvimba. La pili litabaki limenywea, kwa kuwa joto limeziua seli. Wanafunzi waulizwe kila jambo kwa zamu. Hamira imekula nini? Sukari. Imetoa taka gani? Kabonidioksidi, iliyolivimbisha puto, pamoja na kiasi cha alkoholi. Huzaanaje? Kwa kuchipuza: seli changa huota ubavuni mwa seli mama, jambo linaloweza kuonekana kwa hadubini. Ilikuwa wapi kabla ya kutiwa maji? Ilikuwa imelala, mithili ya ile mbegu ya mtende.

Neno lenye mtego

Sifa inayotatiza zaidi kwa Kiswahili ni upumuaji. Katika lugha ya kila siku, kupumua ni kuvuta na kutoa pumzi, na mti hauna mapafu. Katika biolojia, upumuaji ni seli kukivunjavunja chakula ili kupata nishati, mara nyingi kwa kutumia oksijeni. Mimea hufanya hivyo usiku na mchana, ilhali usanisinuru hufanyika penye mwanga tu. Inafaa mwalimu atumie "upumuaji wa seli" kwa maana hii, na "kuvuta pumzi" kwa ile nyingine, bila kuchanganya. Mtego huu haupo katika Kiswahili pekee. Ni wa kila lugha inayotumia neno la kawaida kwa kazi ya kitaalamu.

Mpaka wa uhai

Virusi havina seli na haviwezi kuzaana nje ya seli za viumbe wengine. Mwaka 1935, Mmarekani Wendell Stanley alivigeuza virusi vya ugonjwa wa tumbaku kuwa fuwele, navyo vikaweza kuambukiza baadaye. Wataalamu wangali wanajadili iwapo virusi ni hai. Mwanafunzi na aambiwe hivyo: mpaka wenyewe una utata, na si sarufi wala orodha iwezayo kuumaliza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kanuni ya A-WA si kipimo cha uhai. Mwalimu wa Kiswahili anapoeleza ngeli hii, na aseme "watu, wanyama na wanaochukuliwa kama nafsi", badala ya "wenye uhai" bila ufafanuzi. Mwalimu wa biolojia naye asikihofie Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini hadhi hiyo haitaingia maabarani yenyewe. Itaingizwa na mwalimu anayeweza kusema kwa Kiswahili fasaha kwa nini mti, usio katika A-WA, u hai.