Miti ya Maficho ya Kuvizia Njiwa

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba nieleze kazi moja ya mikono ambayo mwanafunzi aweza kuifanya wakati wa likizo bila kumwomba baba yake fedha. Nimechagua miti ya maficho ya njiwa. Najua wako watakaocheka, maana kwetu Nagongera kila mtoto amekwisha kupiga njiwa kwa manati tangu hajajua kusoma, wala hakuhitaji maficho yoyote. Lakini mimi sisemi juu ya manati. Nasema juu ya kukaa karibu na ndege asikuone, ukajua anakula nini, wakati gani, na katoka upande gani. Maarifa hayo yana faida shambani kuliko njiwa mmoja ndani ya sufuria.

Huko Uingereza njiwa wa porini huharibu sana mashamba, na wenye mashamba huwapiga bunduki wakiwa wamejificha nyuma ya wavu uliotundikwa juu ya miti minne. Miti hiyo huuzwa dukani, ni ya chuma, nayo huvutwa ikawa mirefu au mifupi. Sisi hatuna haja ya duka, kwani vitu vyote vimo katika vijiji vyetu.

Wazee wetu walikuwa na dungu, yaani jukwaa la miti katikati ya shamba, na juu yake alikaa mtoto mwenye kombeo na kamba ya makopo, akiamia ndege kutoka alfajiri hata jua kuchwa. Madungu hayajaisha hata leo. Dungu ni refu makusudi, ili ndege wamwone mlinzi na kumwogopa. Maficho ni kinyume chake: ni mafupi, na ndege wasijue kama pana mtu. Kila kimoja kina kazi yake, na maficho humsaidia mwenye dungu, kama nitakavyoonyesha.

Sasa miti yenyewe. Minne yatosha. Mti ulio bora ni mwanzi, kwa sababu ni mwepesi na una tundu ndani. Chagua mianzi iliyokomaa, unene wake kama kidole gumba cha mtu mzima au kuzidi kidogo, ukaikate kila mmoja futi nne na inchi nane. Ukiikata mibichi, iache kivulini majuma mawili au matatu ikauke polepole. Ukiianika juani itapasuka. Asiye na mwanzi achukue mikaratusi myembamba iliyonyooka, ile inayouzwa kwa kujengea, ingawa ni mizito kidogo.

Mguu wa mti ni kipande cha nondo ya milimita 10, urefu wa inchi kumi na nane. Vipande kama hivyo hubaki mahali panapojengwa nyumba, na fundi mwashi mara nyingi hukupa bure ukimsaidia kubeba maji. Kichongoe kwa nyundo kikiwa chekundu motoni, au kwa tupa kama una subira. Inchi nane ziingie ndani ya mwanzi, na inchi kumi zibaki nje za kuchoma ardhini. Ikiwa tundu la mwanzi ni pana, zungushia ile nondo kitambaa au mpira mpaka ikaze, kisha funga mwanzi kwa nje kwa waya mwembamba, raundi sita au saba, usije ukapasuka. Kwenye mkaratusi hakuna tundu, basi nondo hulazwa ubavuni na kufungwa mahali patatu.

Kamba ya kufungia iliyo nzuri kupita zote ni tyubu kuukuu ya baisikeli. Sisi tulio karibu na Busia hatuwezi kukosa tyubu, maana neno boda-boda lenyewe lilizaliwa mpakani huku katika miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakiwabeba watu na mizigo juu ya baisikeli kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha pili. Siku hizi pikipiki zimechukua kazi hiyo, lakini fundi wa baisikeli bado ana rundo la tyubu nyuma ya kibanda chake. Kata ukanda wa inchi moja, uvute kwa nguvu unapouzungusha, na ncha yake uichomeke chini ya raundi ya mwisho. Msumari hupasua mwanzi. Tyubu haipasui kitu.

Juu kidogo ya mahali nondo inapotokea, funga kijiti kigumu cha inchi sita kwa kukingama. Hicho ni kikanyagio. Ukikikanyaga, mti huingia ardhini bila kupigwa nyundo, na hapana budi kazi hii ifanywe kimya. Wakati wa kiangazi ardhi yetu huwa ngumu kama tofali, basi tangulia jioni ya jana yake na mtaimbo, ukatoboe mashimo mapema.

Kichwani patie panda. Kata panda ndogo ya mpera, kwa sababu mpera hutoa panda nzuri na ngumu, uimenye maganda, na shina lake ulichomeke katika mdomo wa juu wa mwanzi. Panda hiyo hushika kamba ya wavu isiteleze. Wengine hutaka miti inayorefuka, nayo hufanywa kwa kuingiza mwanzi ndani ya bomba la plastiki la maji lenye matundu kila inchi nne, na msumari wa kuzuia. Ni kazi nzuri kwa wapenda ufundi, lakini mimi naiona bure; kama mtama umekuwa mrefu, mtama wenyewe ni maficho.

Simamisha miti minne pembe nne, mapana hatua mbili kwa mbili, na kutoka kila panda vuta kamba hadi kigingi kilicho nje, ama sivyo upepo wa saa nne utakuangushia nyumba yako kichwani. Miguu ikiwa ardhini, miti hubaki na urefu wa futi nne na inchi nane, na huo humficha mtu aliyeketi juu ya kigoda.

Juu ya kifuniko nina maneno mawili. La kwanza, nyavu kuukuu za wavuvi kutoka ziwani ndizo bora. Zitundike, halafu chomeka mabua, matete na majani ya mahali pale pale, si ya mahali pengine. Gunia la katani pia ni zuri. Mfuko wa saruji wa Tororo haufai jinsi ulivyo, maana ni mweupe na hung'aa. Uupake tope pande zote kwanza. La pili, mtu asithubutu kutwaa chandarua cha kitandani. Nagongera yetu imeandikwa katika vitabu vya waganga wa dunia nzima kwa sababu ya malaria. Wapimaji waliofanya kazi hapa karibu na miaka ya 2011 na 2012 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye malaria mara 310 kwa mwaka. Baadaye vyandarua viligawiwa na nyumba zikapulizwa dawa, na hali ikapungua sana. Njiwa si sababu ya mdogo wako kulala bila chandarua.

Mahali pa kuweka maficho patafute kwa macho kabla ya kubeba miti. Njiwa hawashuki shambani moja kwa moja. Kwanza hutua juu ya mti mkavu au waya wa simu, hutazama, kisha hushuka. Ukiujua mti huo umejua nusu ya kazi. Ndege hutua akielekea upepo, basi kaa upepo ukitoka mgongoni mwako, nao watashuka nyuso zao zikikutazama. Usikae mahali jua litakapotupa kivuli chako juu ya wavu. Uso na mikono ndivyo vinavyokusaliti zaidi, wala si rangi ya shati. Vaa kofia, na ukitaka kujikuna, jikune polepole. Ukipenda kuwavuta karibu, chonga njiwa watatu wanne kutoka kandambili zilizokatika, uwapake majivu, uwasimamishe juu ya vijiti wakielekea upepo. Njiwa wa kweli wakiona wenzao wanakula hupata moyo.

Uwe ndani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na daftari mkononi. Sasa utaona mambo ambayo aliye juu ya dungu hayaoni. Tetere mwenye ukosi mweusi shingoni na hua wa macho mekundu hula chini, punje zilizoanguka au zilizofukiwa vibaya. Hawachimbui kwa makucha kama kuku. Anayechimbua karanga zilizopandwa ni kwale, na kindi, ambaye hufuata mstari wa mpandaji kama amepewa ramani. Ninga, yule wa kijani, hana shughuli na shamba lako; yeye hutafuta matunda ya mikuyu. Na wimbi na mtama ungali umesimama, wanaoning'inia juu ya masuke ni kwera na kweleakwelea. Kweleakwelea mmoja hula kiasi cha gramu kumi za nafaka kwa siku, ni kidogo sana, lakini huja kwa maelfu. Njiwa ndiye anayeonekana, mkubwa na mnene, akitembea chini kama mwenye shamba, kwa hiyo lawama zote humwangukia. Utaona pia jinsi anavyokunywa maji: hutia mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa, tofauti na ndege karibu wote.

Faida ya daftari ni hii. Katika mashamba ambayo nimekaa, ndege walikuja kwa wingi tangu kupambazuka hata kama saa tatu, wakatawanyika jua lilipokuwa kali, wakarudi saa kumi hata jua kuchwa. Pengine shamba lenu lina saa zake, ndiyo maana nasema uandike mwenyewe asubuhi mbili tatu. Ukishazijua, mzee hana sababu ya kumweka mtoto juu ya dungu kutwa nzima. Mtu mzima alinde asubuhi, mtoto aende shule, na akirudi saa kumi achukue kombeo. Kila mwalimu wa upande huu ajua jinsi madawati yanavyobaki matupu wimbi linapoanza kuiva, na kwetu misimu ni miwili kwa mwaka. Mtoto aliyekosa sehemu za hesabu kwa ajili ya kweleakwelea, tena saa sita mchana ambapo kweleakwelea mwenyewe amelala kivulini, amepata hasara bila shamba kupata faida.

Kuna jambo zito zaidi. Ng'ambo ya mpaka, katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, kaunti ya Busia ya Kenya, wako watu waliogeuza sumu ya wadudu kuwa silaha ya kuwindia. Mtafiti wa ndege Martin Odino alianza kulichunguza jambo hilo mnamo mwaka 2009. Sumu yenyewe ni kabofurani, iliyojulikana sana kwa jina la Furadan. Waliichanganya na nafaka kwa ajili ya njiwa, na kuitia ndani ya konokono kwa ajili ya korongo, na ndege waliokufa wakauzwa kuwa kitoweo. Sumu hiyo hushika mishipa ya fahamu, ya ndege na ya mtu vilevile, wala kuchemsha nyama si kinga ya kutegemea. Basi ukiona njiwa chini hawezi kuruka, anatetemeka, wala hana jeraha, usimchukue, usimpe mbwa; mwambie mwalimu au mkubwa wa kijiji. Ukiuziwa njiwa wengi wa bei rahisi njiani, uliza wamepigwa na nini, na kama mwuzaji hana jibu, pita zako. Na mwenye shamba akisema ataweka sumu kwa sababu njiwa wamemaliza karanga, mwombe akupe asubuhi mbili za kukaa ndani ya maficho. Huenda ukamwonyesha kwale.

Wako watakaouliza kama wanaweza kuingia humo na bunduki. Nchini Uganda kuwinda mnyama wa porini, na ndege wakiwamo, ni jambo la kibali, kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na wenye kutoa kibali ni Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 imelikaza katazo hilo. Mwenye kibali ajua masharti yake. Mwanafunzi achukue daftari, na kama kaka yake ana simu yenye kamera nzuri, aiazime.

Msimu ukiisha, ng'oa miti kwa kuizungusha, usiivute kwa upande, maana hapo ndipo mwanzi hupasuka. Futa udongo kwenye nondo na uipake mafuta kidogo ya kupikia. Funga miti yote minne pamoja kwa tyubu moja, na uitundike jikoni juu ya meko, penye moshi. Ukiilaza chini nje, mchwa watakuwa wa kwanza kuitumia.