Nafasi Ifuate Herufi: Somo la Kupanga Safu kwa Kompyuta

Katika toleo la muhula uliopita palikuwa na kosa katika orodha ya michango ya chakula. Kosa hilo lilikuwa langu. Nimekwisha kulisahihisha na kuomba radhi, lakini naona radhi peke yake haitoshi. Mwalimu aliyekosea yampasa kueleza alikosea wapi, ili wanafunzi wake wasije wakaanguka katika shimo lile lile. Ndiyo sababu naandika somo hili. Linahusu kitufe kimoja kidogo cha kompyuta, kilichoandikwa Tab. Wanafunzi wa darasa langu hukiita "tabu", na safari hii walisema kweli.

KOSA LILIVYOTOKEA

Wazazi wetu wa Karagwe na Kyerwa huleta shuleni mahindi, maharage na fedha kidogo kwa ajili ya chakula cha mchana cha watoto. Kila muhula gazeti hili huchapa orodha ya waliotoa. Orodha ina safu nne: jina la mzazi, kilo za mahindi, kilo za maharage, na shilingi.

Niliipiga orodha kwa herufi za pointi 10. Kwa kitufe cha Tab nikaweka vituo vitatu: mahindi yaanze sentimita 5 kutoka ukingo wa maandishi, maharage sentimita 7.5, na fedha sentimita 10. Majina yote yalikoma kabla ya sentimita 5, na tarakimu zikasimama chini ya vichwa vyake, zimenyoka kama mistari ya mibuni.

Nikampelekea mzee mmoja wa kamati ya shule aitazame. Akaishika karibu, akaishika mbali, kisha akasema, "Mwalimu, kazi ni nzuri, lakini sisi wazee macho yetu yamechoka. Kuza herufi."

Neno lake lilikuwa la haki. Nikarudi ofisini, nikachagua orodha yote, nikabadili pointi 10 kuwa 14, nikatoa nakala jioni ile ile kwa kuhofia umeme kukatika. Sikuutazama ukurasa mara ya pili. Hapo ndipo nilipokosa.

Baada ya siku chache akaja mama mmoja mtu mzima, kutoka upande wa Kyerwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwalimu." Hakutaka kuketi. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa stakabadhi ya shule na gazeti letu, akaviweka mezani.

"Stakabadhi hii yasema nini?"

"Yasema ulileta kilo 40 za mahindi, kilo 20 za maharage, na shilingi 5,000."

"Haya, sasa soma gazeti lako."

Nikasoma. Mbele ya jina lake, chini ya neno Mahindi, palikuwa peupe. Chini ya Maharage iliandikwa 40. Chini ya Fedha iliandikwa 20. Na pembeni kabisa, pasipo kichwa cho chote, ilining'inia 5,000.

Akasema, "Sokoni wananiambia kwamba sikuleta mahindi, na kwamba nilitoa shilingi ishirini. Mahindi yale niliyabeba kichwani mpaka barabarani. Sidai kitu, mwalimu. Nataka jina langu."

Niliona haya sana. Siku ile ile nilimwandikia barua ya kuthibitisha mchango wake, ikasomwa mbele ya wazazi katika mkutano.

SABABU YAKE

Wengine watauliza: mbona majina mengine yalikuwa sawa? Jibu ni katika hesabu, na hesabu hiyo ni rahisi.

Ukubwa wa herufi hupimwa kwa pointi. Pointi 72 ni inchi moja, yaani sentimita 2.54. Katika fonti nyingi za vitabu, upana wa herufi moja, ukichukua wastani, ni karibu nusu ya ukubwa wake. Basi herufi ya pointi 10 huchukua upana wa pointi 5 hivi, na ile ya pointi 14 huchukua pointi 7.

Jina la mama yule lina herufi 25, tukihesabu na nafasi zilizo kati ya maneno. Kwa pointi 10: 25 mara 5 ni pointi 125, yaani karibu sentimita 4.4. Jina likakoma kabla ya kituo cha sentimita 5. Kwa pointi 14: 25 mara 7 ni pointi 175, yaani karibu sentimita 6.2. Jina sasa limepita kituo cha kwanza. Kitufe cha Tab hakirudi nyuma. Huenda kwenye kituo kinachofuata. Basi mahindi yakaenda mahali pa maharage, maharage yakaenda mahali pa fedha, na fedha zikatupwa nje.

Majina yenye herufi 20 au pungufu hayakufika sentimita 5, kwa hiyo hayakusogea. Huu ndio ubaya wa kosa la namna hii: ukurasa hauharibiki wote. Ukitazama juu juu waona orodha nzuri, kumbe watu watatu au wanne wamedhulumiwa.

Kwa ufupi: herufi zilikua, vituo havikukua. Kompyuta haikukosea, ilishika amri mbili nilizoipa, na mimi sikuipa ya tatu.

Mkulima wa kwetu alijua jambo hili zamani. Katika kibanja, nafasi ya mgomba si nafasi ya mharage. Ukipanda migomba kwa nafasi ya maharage, itasongana na kubanana. Ukipanda maharage kwa nafasi ya migomba, umepoteza shamba. Hakuna nafasi iliyo njema peke yake. Nafasi hufuata ukubwa wa kinachopandwa.

JINSI WATU WA ZAMANI WALIVYOFANYA

Zamani gazeti lilipangwa kwa herufi za risasi, moja moja, kwa mkono. Hivyo ndivyo alivyofanya Edward Steere kule Unguja katika miaka ya 1860, alipowafundisha vijana kazi ya kupiga chapa. Na hata "Mambo Leo", gazeti la Serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, lilitoka katika zama za herufi za risasi.

Mpangaji alipotaka kuacha nafasi mwanzoni mwa aya, alitia kipande cha risasi kisicho na herufi. Kipande hicho kilikuwa mraba, na upana wake ulikuwa sawa na ukubwa wa herufi zenyewe. Wapiga chapa walikiita em. Herufi za pointi 10 zilikuwa na em ya pointi 10; herufi za pointi 14 zilikuwa na em ya pointi 14, nazo zilikaa katika sanduku moja na herufi zao. Aliyebadili herufi alibadili sanduku, na nafasi ikabadilika pamoja nayo.

Kisha ikaja mashine ya kupiga chapa ya ofisini, yaani taipureta. Huko kila herufi ilikuwa na upana mmoja; i na m zilikuwa sawa. Mashine nyingi zilipiga herufi 10 katika inchi moja, na nyingine 12. Ili kupanga safu, fundi aliweka vizuizi vidogo vya chuma nyuma ya mashine. Akibonyeza kitufe, gari la karatasi lilikimbia na kusimama penye kizuizi. Kazi yake ilikuwa kupanga majedwali, na neno Tab latoka huko. Ukubwa wa herufi haukubadilika, kwa hiyo vituo havikumdanganya mtu.

Kompyuta imechukua kitufe cha taipureta, lakini imetupa uhuru wa kubadili herufi kama wapanga risasi. Vituo hupimwa kwa sentimita au inchi, na havijui herufi imekuwa kubwa au ndogo. Kazi iliyofanywa na sanduku la risasi sasa ni juu yetu.

KANUNI

Kanuni ni hii, nayo kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aijua kwa jina la uwiano:

Kituo kipya ni kituo cha zamani, mara ukubwa mpya wa herufi, gawanya kwa ukubwa wa zamani.

Tuirudie orodha yangu. 14 gawanya kwa 10 ni 1.4. Basi kituo cha 5 kiwe 7. Kituo cha 7.5 kiwe 10.5, kituo cha 10 kiwe 14. Jina la sentimita 6.2 sasa lakoma kabla ya 7, na kila kitu kimerudi mahali pake.

Lakini tazama upana wa karatasi pia. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiacha pambizo za sentimita 2.5 kila upande, yabaki 16. Kituo cha 14 chafaa. Kama mzee wetu angetaka pointi 18, kituo cha mwisho kingekuwa sentimita 18, nacho kingetoka nje ya maandishi. Hapo yakupasa kulaza karatasi au kugawa orodha.

NAFASI YA MWANZO WA AYA

Kanuni hiyo yahusu pia nafasi ya mwanzo wa aya. Microsoft Word, isipoambiwa neno, huweka vituo kila nusu inchi, yaani sentimita 1.27, ambazo ni pointi 36. Kwa herufi za pointi 12, hizo ni em tatu. Kwa pointi 18 ni em mbili. Kwa pointi 9 ni em nne. Nafasi ni ile ile kwa rula, lakini machoni ni tatu mbalimbali: katika herufi ndogo yaonekana shimo, katika herufi kubwa yaonekana ufa. Katika gazeti lenye safu nyembamba, em moja au moja na nusu yatosha. Kwa herufi za pointi 12, em moja ni milimita 4 na kitu.

Ziko programu zinazokubali kipimo cha em chenyewe. TeX, iliyotolewa na Donald Knuth mwaka 1978, hufanya hivyo, na kurasa za intaneti pia. Huko ukisema "em moja", nafasi hukua na herufi bila kuambiwa tena, kama sanduku la risasi.

MASHAURI MATANO

Kwanza, usipange safu kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi. Desturi hiyo ilifaa kwa taipureta, ambayo herufi zake zilikuwa na upana mmoja. Katika fonti za leo i ni nyembamba na m ni pana, kwa hiyo safu zitapinda.

Pili, weka kituo kimoja kwa kila safu, na bonyeza Tab mara moja tu kati ya safu na safu. Anayebonyeza mara tatu ili "lifike" anajitegea mtego.

Tatu, weka vituo katika mtindo wa aya, si katika mstari mmoja mmoja. Microsoft Word, LibreOffice Writer, Scribus na InDesign zote zina mitindo. Ukibadili mtindo mara moja, mistari yote hufuata. LibreOffice Writer na Scribus hazina bei, kwa hiyo hata shule yenye kompyuta moja yaweza kuzitumia.

Nne, kwa tarakimu tumia kituo cha kulia, ili mamoja yasimame chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Na orodha ikiwa ndefu, afadhali utengeneze jedwali lenye vyumba. Jina likirefuka ndani ya chumba chake, hushuka mstari wa pili. Halisukumi mahindi ya mtu.

Tano, nalo ni kubwa kuliko yote: ukibadili ukubwa wa herufi, tafuta jina refu kuliko yote katika orodha, ulitazame hilo kwanza. Likiwa sawa, mengine yatakuwa sawa. Mimi ningalitazama jina moja tu, mama yule asingalisumbuka.

ZOEZI

1. Orodha ya pointi 12 ina vituo vya sentimita 4 na 8. Ukiikuza iwe pointi 15, vituo viwe wapi?

2. Orodha ya pointi 10 ina kituo cha mwisho cha sentimita 10. Kisipaswe kupita sentimita 15, herufi zaweza kukuzwa mpaka pointi ngapi?

3. Jina lina herufi 30. Kwa pointi 12, litachukua sentimita ngapi hivi?

Majibu: 1. Sentimita 5 na 10. 2. Pointi 15. 3. Pointi 180, yaani karibu sentimita 6.4.

Wasomaji wapenzi, orodha ya muhula huu mtaiona katika ukurasa wa mwisho. Imechapwa kwa pointi 14, kama mzee wetu alivyoomba, na vituo vimehesabiwa upya. Kabla ya kutoa nakala niliisoma pamoja na vijana wawili wa Kidato cha Tatu: mmoja alishika stakabadhi, mmoja alishika ukurasa, nami nikasikiliza. Tulianza na jina refu kuliko yote. Mahindi: 40. Maharage: 20. Fedha: 5,000. Kila kitu kipo chini ya kichwa chake.