Kufufua Kitanda cha Kamba: Mwongozo kwa Wanawake Mafundi wa Mombasa

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, useremala umehesabiwa kwa muda mrefu kuwa kazi ya wanaume, ilhali kitanda cha kamba, kilicho miongoni mwa samani kongwe za Waswahili, hakikamiliki bila kazi ambayo katika sehemu nyingi za pwani imefanywa na wanawake, yaani kufukia makumbi ya nazi katika matope ya bahari kwa miezi kadhaa, kuyaponda, na kusokota kamba kwa usumba unaopatikana. Kwa hiyo, mwanamke anayejifunza kufufua samani kuukuu haingii ugenini. Huongeza msumeno, randa na patasi juu ya ujuzi wenye mizizi katika jamii yake.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mbao. Kitanda cha mvule au msaji hustahili kuokolewa hata kama rangi yake imechakaa, mradi matendegu, yaani miguu yake, hayajaliwa na mchwa. Fundi huyagonga kwa mpini wa patasi, na panapotoa mlio wa uwazi hupachoma kwa ncha ya kisu ili ajue uozo umefika wapi. Ikiwa mbao za nyongeza zitatolewa katika paleti, yaani vichanja vinavyobeba shehena katika bandari ya Kilindini, ni lazima muhuri wake usomwe kwanza: herufi HT huonyesha kuwa mbao zilitibiwa kwa joto, lakini MB huonyesha kuwa zilifukizwa methili bromidi, gesi yenye sumu, nazo hazifai kuingizwa nyumbani.

Hatua ya pili ni kufungua viungo. Mifumbati, ambayo ni miti ya ubavuni, na vitakizo, ambavyo ni miti mifupi ya kichwani na miguuni, huchomekwa katika matundu ya matendegu, na kwa kuwa matundu hayo yalichongwa kwa mkono, kila moja hukubali ulimi wake pekee. Ndiyo maana kila kiungo hutiwa alama kabla ya kuguswa kwa nyundo. Rangi ya zamani huenda ikawa na risasi, kwa hiyo hupigwa msasa ikiwa imeloweshwa, fundi akiwa amevaa barakoa na watoto wakiwa mbali.

Hatua ya tatu, viungo vikisharudishwa mahali pake, ni kuwamba, yaani kutanda kamba juu ya fremu. Kamba huvutwa kutoka mfumbati mmoja hadi wa pili kwa nguvu ileile, kisha safu ya pili hupenyezwa juu na chini ya ile ya kwanza. Na kwa kuwa usumba hulegea kwa kulaliwa, ncha ya kamba huachwa ndefu upande wa miguuni ili kitanda kikazwe tena baadaye.

Bei nayo ni sehemu ya ufundi. Gharama ya mbao, ya useremala na ya uwambaji ziandikwe kila moja peke yake, kwa sababu kazi ya kamba ikifichwa ndani ya bei ya mbao, aliyeisokota hulipwa kidogo au asilipwe kabisa. Aliyejifunza karakanani anaweza pia kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, wenye gredi tatu kuanzia ya III hadi ya I, na kwa cheti cha mtihani huo akaomba kandarasi kwa haki sawa na fundi mwanamume.